Enzi za Roberto Larcos

Mpwa wangu ana miaka kumi na tatu na anaijua eFootball kuliko anavyolijua jedwali la kuzidisha. Juzi nilimtajia Winning Eleven, akaniuliza hiyo timu inacheza ligi gani. Sikumjibu kitu siku ile, nilikasirika. Namjibu hapa, ingawa najua hasomi maandishi marefu kuliko ujumbe wa simu.

Gemu anayocheza yeye ni mjukuu wa ile tuliyocheza sisi Magomeni, kwenye banda la mabati nyuma ya kinyozi. Kampuni ni ileile, Konami ya Japani. Mwaka 1994 Konami walitoa gemu ya besiboli, Jikkyou Powerful Pro Yakyuu, ambayo Wajapani wanaendelea nayo hadi leo. Mwaka huohuo wakatoa na ya soka, na uliofuata ikaja Winning Eleven ya kwanza kwa PlayStation. Besiboli ilibaki kwao. Soka ikapanda meli.

Mwenye banda tulimwita Anko, wakubwa kwa wadogo, hata waliomzidi umri. Alikuwa na TV mbili za chogo, PlayStation mbili za kijivu zilizotiwa chipu ili zisome CD feki, na benchi moja la mbao ambalo msumari wake ulichana kaptula za mtaa mzima. Palinuka plastiki iliyopata moto, jasho, na spiriti ya kinyozi iliyopenya kwenye matundu ya bati. Shilingi mia, mechi ya dakika tano, ndiyo fupi kuliko zote kwenye menyu. Aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki, na anayefuata ndiye analipa. Kwa hiyo palikuwa na kijana mmoja, fundi viatu, aliyeweza kucheza kuanzia adhuhuri hadi magharibi kwa mia moja tu. Anko alimchukia waziwazi.

Lenzi zilikuwa zikichoka. Zikianza kukwamakwama, Anko alizima, akaipindua mashine kichwa chini miguu juu, akaipiga kofi la upole mgongoni, akawasha. Inasoma. Siku zingine aliisimamisha kwa ubavu, ikiegemea tofali. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa meza wakati huo. Memori kadi aliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na ufunguo wa kopo, kama angeweza kulifunga, angeuvaa shingoni.

Toleo lililotutia wazimu ni Winning Eleven 2002. Nimekagua: lilitoka Japani mwaka huohuo wa 2002. Kwetu lilifika lilipofika. Menyu zote zilikuwa za Kijapani, na hapana aliyejua herufi hata moja. Tulikariri mahali: shuka mara mbili, bonyeza duara. Kwa Wajapani enzi zile duara ilikuwa ndiyo, na X ilikuwa hapana. Baadaye gemu za Ulaya zilipokuja na utaratibu wa kinyume, nusu ya mtaa ilikuwa inajifutia ligi zake. Mtangazaji naye alikuwa Mjapani, Jon Kabira, mwenye sauti ya mtu anayeungua. Tulimwigiza njia nzima ya kurudi nyumbani, na hadi leo sijui alikuwa anasema nini.

Na majina! Konami hawakuwa na haki za wachezaji wengi, basi Roberto Carlos alikuwa Roberto Larcos. Kwenye Pro Evolution Soccer (PES) 2, toleo la Ulaya, timu nzima ya Uholanzi iliitwa Oranges, mmoja 001, mwingine 002, na kuendelea kama wafungwa. Haikutusumbua kabisa. Kila mtu pale bandani alijua nani ni nani kwa nywele zake, kwa anavyokimbia, kwa mguu anaopigia. Mtoto wa darasa la tatu alikaa nyuma ya wachezaji akitaja majina halisi kama karani wa sensa. Ukikosea, benchi zima linakusahihisha kwa matusi. Hakuna haki miliki ambayo imewahi kuifanyia gemu kazi kama ile.

Kisha ikaja PS2, na PES 6 mwaka 2006. Wenye Dar ya mwaka ule wanakumbuka umeme ulivyokuwa, sina haja ya kueleza. Anko alinunua jenereta, bei ikapanda, tukalipa. Liverpool ilikuwa Merseyside Red na Chelsea ikawa London FC, lakini Adriano alikuwa Adriano, wa Inter, na ule mguu wa kushoto. Anko alilazimika kuweka sheria: Inter hairuhusiwi jioni, kwa ajili ya amani ya mtaa.

Yaliyofuata nayapita haraka kwa sababu hayanipi raha. Mashine mpya zikaja, Konami wakateleza, gemu pinzani ya FIFA ikawapita. Mabandani PS2 iligoma kufa, na Konami wenyewe walikuwa wakiitolea PES hadi ile ya 2014. Zikaja TV bapa na bei za bapa. Mwaka 2019 Juventus walijifunga kwa Konami peke yao, na FIFA ikalazimika kuiita Piemonte Calcio. Nilicheka peke yangu sebuleni. Mwaka 2021 jina la PES likafutwa, ikazaliwa eFootball, ya bure, na nyuso za wachezaji zilivyokuwa mbaya kampuni yenyewe iliomba radhi. Miaka miwili baadaye hata FIFA ilipoteza jina lake.

Ya bure, wanasema. Mpwa wangu anakula kifurushi changu cha intaneti kupakua marekebisho, halafu anaomba hela ya sarafu za kuchezea bahati nasibu ya wachezaji waliostaafu, wale wale tuliokuwa tunawapata kwa shilingi mia, na wakati huo walikuwa hawajastaafu. Anacheza na mtu asiyemjua, hawezi kumtania wala kumkanyaga mguu kwa makusudi wakati wa penalti. Akifungwa anazima simu, na huyo mwenzake hana pa kumdai. Kwa Anko, ukizima mashine kwa sababu umefungwa, unalipia mechi ya wawili na unafagia banda.

Tena beki zenyewe siku hizi hazikabi.