Buli, Kadi na Fadhaa ya Mwandishi

Usiku wa tarehe 30 Mei 1975, Vladimir Nabokov aliketi mbele ya kamera za televisheni mjini Paris, katika kipindi cha Apostrophes kilichoendeshwa na Bernard Pivot. Mahojiano yalirushwa moja kwa moja. Neno likishaponyoka halikuwa na njia ya kurudi. Mgeni huyo alikuwa na umri wa miaka 76, naye alikwisha kuandika kwa Kirusi, Kiingereza na Kifaransa. Hata hivyo, aliingiwa na hofu. Alichokihofia zaidi ni ulimi wake mwenyewe: katika dibaji ya Strong Opinions (1973) alikuwa amekiri kwamba usemi wake haukufikia kamwe kimo cha fikra na maandishi yake.

Fadhaa hiyo aliikabili kwa masharti. Alitaka apewe maswali mapema, akayaandikia majibu kwenye kadi, zana ile ile aliyozoea kutungia riwaya. Vitabu vilipangwa mezani vikawa ukuta wa kuzificha kadi hizo. Kando yake paliwekwa buli, na ndani ya buli mlikuwa na wiski, huku Pivot akimkaribisha aongezewe "chai".

Aliyelelewa katika malumbano ya washairi yamkini atamcheka. Manju hujibizana papo kwa papo, na hadhira humpima pale pale. Lakini ulinganisho huo hauna insafu. Manju amefunzwa na hadhira yake; vina na mizani humshika mkono, na kiitikio humpa nafasi ya kuvuta pumzi. Mwandishi wa riwaya hutunga faraghani, akifuta na kuandika upya. Televisheni ilimpokonya Nabokov kifutio chake, naye akajirudishia.

Hapa pana onyo kwa mhakiki. Mara nyingi mahojiano hunukuliwa kuwa ushahidi usiopingika wa dhamira ya mtunzi, kwa hoja kwamba "amesema mwenyewe". Usiku ule kilichosikika kilikuwa matini iliyoandikwa, ikasomwa kwa sauti. Lau angenyimwa kadi zake, huenda yangenukuliwa maneno ya mtu aliyebabaika, nayo yakaitwa dhamira. Kabla ya kuyajengea hoja maneno ya mahojiano, mhakiki hana budi kuuliza yalizaliwaje: kwa kalamu, au kwa kiwewe.