Wamunyu, Mahali pa Wachonga Wanyama

Msafiri atokaye Machakos kwenda Kitui hupita Wamunyu, katika nchi kavu ya Ukamba. Mvua ya huko si ya kutegemewa, na mara nyingi mahindi hunyauka kabla ya kukomaa. Lakini vivulini husikika mlio wa matezo, na magogo yakageuka wanyama: twiga mwenye shingo ndefu kupita kiasi, kifaru aliyenuna, kiboko apigaye mwayo. Mtu akiwatazama hawezi kujizuia kucheka.

Aliyeianzisha kazi hii ni Mutisya wa Munge. Hata kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alijulikana kuwa fundi hodari wa vigoda. Katika vita vile, vilivyopiganwa tangu 1914 hata 1918, alifika pande za Dar es Salaam, akawaona Wazaramo wakichonga sanamu za mpingo. Aliporudi kwao aliufanya uchongaji kuwa riziki yake. Husimuliwa kwamba yeye na wanawe waliuficha ujuzi huo mpaka alipofariki mwaka 1927. Baadaye majirani nao wakaupata, na siri ya nyumba moja ikawa chakula cha maelfu ya watu. Wengine waliuchukua mpaka Nairobi na Mombasa, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaanzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe.

Kazi yenyewe yataka subira. Gogo hukatwa kwa shoka, umbo hutolewa kwa tezo, macho na masikio huchorwa kwa kisu, kisha sanamu hupigwa msasa hata ing'ae. Fundi hana picha mbele yake. Mnyama yumo kichwani mwake.

Lakini jambo moja limewatia mashaka. Mpingo na muhugu hukua polepole mno, na miaka mingi ya kukata imeiacha misitu mitupu. Kwa hiyo wengi sasa huchonga mwarobaini, mti ukuao upesi katika mashamba. Mti wake ukikaushwa kwa haraka hupasuka, basi fundi hana budi kungoja.

Hapo ndipo mkulima anapohusika. Mwarobaini alioupanda mpakani kwa ajili ya dawa na kivuli waweza kumpatia fedha ukizeeka. Auuzapo mmoja na apande miwili, ili watoto wa Wamunyu nao wapate cha kuchonga.