Nkejje Chini ya Mawe

Kwa miaka mingi nilikuwa askari polisi mzamiaji katika Ziwa Viktoria, na kila nilipoitwa kuzamia, ilikuwa ni kumtafuta mtu aliyekwisha kufa. Chini huko maji ni meusi, macho hayana kazi. Mikono ndiyo huona. Jioni nilirudi nyumbani Kampala, na mke wangu, kabla ya kuniwekea maji ya kuoga, aliuliza neno moja tu: "Nani?"

Mwaka jana, nami nimekwisha kustaafu, binti yetu anayesomea elimu ya samaki alinijia na ombi. Alitaka kumwona nkejje akiwa hai kwenye makao yake, si yule wa chupani darasani. Nilicheka. Sisi tuliolelewa Buganda, nani asiyemjua nkejje, samaki wa urefu wa kidole, akaushwaye kwenye kijiti? Nilipougua surua utotoni, bibi alininywesha mchuzi wake.

"Na mara ya mwisho kumwona ni lini, baba?"

Nikanyamaza.

Alinieleza kwamba ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki wa ukoo huo, karibu zote zisizopatikana penginepo duniani. Katika miaka ya 1950 alitiwa humo sangara, ambaye sisi twamwita mputa, ili kuongeza kitoweo na biashara. Alikaa kimya miaka kadhaa. Ilipofika miaka ya 1980 akajaa kila mahali. Mputa aweza kuzidi kilo 100, na chakula chake kilikuwa nkejje. Aina zipatazo 200 zinadhaniwa kutoweka. Simlaani mputa, maana amesomesha watoto wengi wa wavuvi, na mchuzi wake naupenda; lakini hesabu ile ilinikaa kooni.

Maji nayo yamechafuka. Jike humchagua dume kwa rangi zake, na penye tope rangi hazionekani, hata aina zikachanganyika.

Baadhi ya waliosalia hujificha kwenye mawe, ambamo mputa mkubwa hawezi kujipenyeza. Basi tuliondoka Ggaba alfajiri kwa mtumbwi hadi kisiwa kimoja chenye miamba. (Wazazi, msiwaache watoto wacheze majini penye majani na konokono: kichocho hupatikana humo.)

Nilipovaa miwani ya kuzamia, binti akaniambia, "Usiguse kitu, baba. Tazama tu."

Katika utumishi wangu wote sikupata amri ngumu kama hiyo. Mikono yangu ilitaka kupapasa. Niliifungata kifuani, nikashuka kiasi cha urefu wa mtu, nikangoja. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya tatu, mbele ya ufa wa jiwe, alisimama samaki wa rangi ya kijivu, kidevu kimevimba. Akafumbua kinywa, na watoto wakatoka, wadogo kama mbegu za ufuta, wakaelea mbele ya uso wake. Kivuli changu kilipotikisika, wote walirudi kinywani kwa pamoja, naye akaingia ufani.

Jioni ile mke wangu alikuwa mlangoni. Aliona nguo zangu zimelowa, uso wake ukabadilika.

"Nani?"

"Mama na watoto wake," nikamjibu. "Wote wazima."