"Pull off" na Dafu Lisilofulika

Waama, hakuna aibu ipitayo ya kuchekwa na darasa zima. Tulipokuwa mwaka wa pili, mhadhiri wetu alitupa taarifa fupi ya Kiingereza tuitafsiri. Ilihusu mechi ya Kombe la Dunia la kriketi iliyochezwa Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Kenya, iliyokuwa ikishiriki mara ya kwanza, ilipata mikimbio 166 pekee. West Indies, waliokuwa wametwaa kombe hilo mara mbili, wakang'olewa wote kwa 93. Mwandishi alihitimisha: "They pulled it off."

Nami, kwa ujasiri wa mjinga, nikaandika: "Waliuvuta."

Kicheko kilipotulia, jirani yangu alisoma yake: "Walishinda." Mhadhiri akatikisa kichwa. "Hata aliyetarajiwa kushinda hushinda. Ile shaka ya watazamaji umeiacha wapi?"

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kitenzi hiki hakitaji kufaulu tu. Hubeba na wasiwasi uliotangulia. Isitoshe, katika maana hii hakikosi yambwa: ushindi, mpango, hata hila. Yambwa ikiwa nomino, yaweza kutangulia "off" au kuifuata. Ikiwa kiwakilishi, sharti ibanwe katikati. (Tusikicheke Kiingereza. Sisi nasi huibana yambwa tumboni mwa kitenzi: wali-u-mudu.)

Nikapendekeza "kufua dafu". Nazi iliyokomaa hufuliwa kwa kifuo bila taabu kubwa, lakini kumbi la dafu ni bichi na hung'ang'ania. Mhadhiri alitabasamu, ila akanionya kuwa nahau hiyo imezoea ukanushi. Twasema "hakufua dafu" kila uchao; ni nadra kusikia kwamba fulani amelifua.

Sikulitilia maanani onyo hilo. Matokeo ya KCSE yalipotangazwa, dada yangu mdogo, aliyekuwa ameurudia mtihani, alikuwa amepata alama za kumwingiza chuo kikuu. Nikampigia simu kwa bashasha: "Hatimaye umefua dafu!"

Kimya. Kisha akauliza, "Kumbe hata wewe, kaka, ulidhani nitashindwa?"

Nilitaka kumweleza habari za nahau na ukanushi wake. Nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimedhani hivyo hasa.