Likizo ya Baiskeli na Haki ya Mama

Katika familia nyingi za hapa Tabora yupo mtoto aliyeko ng'ambo, na kila Julai inapokaribia huulizwa swali moja: mwaka huu anakuja? Kwetu sisi wa Mtendeni swali hilo linamhusu mdogo wangu wa kike na mumewe, ambao wanaishi Oslo, mji mkuu wa Norwei, mwaka wa sita sasa. Jibu la mwaka huu lilimtia mama yetu simanzi. Hawaji. Likizo yao wataitumia milimani, juu ya baiskeli.

Msomaji wa Tabora atauelewa mshangao wa mama. Hapa kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba magunia ya mkaa, madumu ya maji, asali ya Sikonge na abiria anayewahi treni. Mtu mwenye mshahara wa Ulaya akisema anapanda baiskeli kwa kustarehe, majirani hudhani ama amefilisika ama anaficha jambo. Mama aliniita baada ya Isha akaniambia: "Wewe si katibu wa msikiti? Waandikie barua yenye mhuri, waje."

Barua hiyo sikuiandika, na sababu zake naona zinafaa kuzingatiwa na kila nyumba yenye mtoto ughaibuni.

Norwei iko kaskazini mno. Katikati ya Juni, jua la Oslo hutua karibu na saa tano kasoro robo usiku, na kabla ya saa kumi alfajiri limekwisha kuchomoza. Baina ya nyakati hizo mbingu haiingii giza kamili, hata alama za Isha na Alfajiri tulizozisoma vyuoni hazipambanuki. Wanazuoni wamelijibu hilo kwa takdiri, yaani kukadiria nyakati kwa kufuata mji wa karibu wenye alama zilizo wazi, au kwa kufuata Makka. Tromsø, mbali zaidi kaskazini, jua halitui kabisa tangu karibu na tarehe 20 Mei hadi karibu na 22 Julai. Sisi ambao Maghribi yetu haisogei zaidi ya takriban nusu saa mwaka mzima, tumshukuru Mola kwa wepesi huo.

Majira ya baridi mambo hupinduka. Mwishoni mwa Desemba jua la Oslo huzama yapata saa tisa na robo alasiri. Ndiyo maana kiangazi kikifika watu wa huko hutoka nje kama waliofunguliwa mlango. Mdogo wangu hunisimulia kuwa saa tatu usiku watoto bado wanacheza viwanjani, na mtaa wa Grønland, wenye misikiti na maduka ya nyama ya halali, hujaa watu wa kila taifa.

Lakini mwanga huo wote haukuwapa wawili hawa nafasi ya kuonana. Shemeji yangu ni dereva wa basi la mjini zamu ya usiku. Mdogo wangu huhudumia wazee katika makao yao, zamu ya asubuhi. Mume akirejea, mke anajitanda mtandio aondoke. Miaka miwili wameishi kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye mlango wa jokofu: wali umo sufuriani, usisahau kulipa umeme. Hawakugombana. Walianza tu kuwa wageni ndani ya nyumba moja.

Katika kamati yetu nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi, na nimeona kuwa ndoa nyingi hazivunjwi na jambo kubwa. Hupoa kidogo kidogo, na siku talaka inapotamkwa wazee hushangaa kwa kuwa hawakusikia kelele. Imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma, alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Kucheza na mwenza, basi, ni sehemu ya kuitunza amana.

Sheria ya Norwei humpa mfanyakazi angalau siku 25 za likizo kwa mwaka, Jumamosi zikihesabiwa, yaani wiki nne na siku moja. Ana haki ya kudai wiki tatu mfululizo kati ya Juni mosi na Septemba 30. Baada ya miaka miwili, mwaka huu ndio wa kwanza zamu zao kuruhusu likizo ya pamoja.

Njia waliyoichagua inaitwa Rallarvegen, njia ya vibarua wa reli. Ilijengwa ili kupitisha vifaa na watu wakati wa ujenzi wa reli ya Bergen, iliyozinduliwa mwaka 1909. Miaka mitatu baadaye, 1912, Reli ya Kati ilifika hapa Tabora, ikafuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakibeba pembe hadi Bagamoyo. Stesheni ya Finse iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na mji wetu. Sisi tuna miembe, wao wana theluji hata mwezi wa Julai. Kutoka Haugastøl hadi Flåm, ufukweni, ni yapata kilomita 80. Watalala hemani, kwani sheria ya mwaka 1957 humruhusu mpita njia kupiga kambi katika ardhi isiyolimwa, mradi awe mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya watu. Wamekwisha nunua hema na pampu, na tende zimo mkobani.

Najua wasomaji watauliza kuhusu stara. Kipando hakina hukumu mbaya kwa asili yake, na wanawake wa zama za Mtume walipanda ngamia. Kinachotazamwa ni vazi, mwenendo na usalama. Mdogo wangu huvaa suruali pana chini ya gauni refu, na mtandio chini ya kofia ngumu. Yuko na mumewe. Swala za rakaa nne watazipunguza kama wasafiri.

Haya yote hayamwondolei mama haki yake. Ijumaa moja baada ya Alasiri, mdogo wangu alipiga simu akamweleza mwenyewe, bila kupitia kwangu: "Mama, nyumba yangu ilikuwa inapoa." Mama alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama huko milimani kuna baridi. Alipoambiwa ipo theluji, akasema: "Basi vaeni soksi nzito, na msichelewe kuswali." Simu ilipokatika akanigeukia: "Wao wanahesabu likizo, mimi nahesabu umri."

Neno hilo sina jawabu lake, wala silitafutii. Walichofanya wawili hao ni hiki: sheria ya huko huruhusu, kwa makubaliano na mwajiri, kuhamishia mwaka unaofuata siku za likizo zisizozidi 12. Mwaka huu watatumia 13, na zilizobaki wataziunganisha na za mwakani, ili wakae Mtendeni wiki sita, panapo majaliwa. Mimi na ndugu zangu tuliopo tumegawana zamu za kulala kwa mama, ili asisubiri peke yake.

Nasaha yangu kwa wazazi: kabla ya kuwauliza wanenu watakuja lini, waulizeni wanaishije. Na kwa mlioko mbali: msitume fedha na kunyamaza. Semeni ukweli wenu kwa sauti zenu wenyewe, kisha mtaje tarehe ya kurudi na muitimize. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, na awape wazee wetu umri wenye heri wa kuwapokea. Amin.