Dodoma na Singida: Ubishi wa majirani na swali la wapi mtoto azaliwe

Basi la Singida likianza tu kuondoka stendi ya Nanenane jijini Dodoma, ubishi nao huanza. Safari hii aliyeuwasha ni kijana wa kiti cha mbele, aliyemuuliza jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, kama huko anakokwenda kuna taa za barabarani.

"Taa tunazo, shemeji. Ila sisi tunalala mapema, hatuna foleni za kutuchelewesha," alijibiwa, na basi zima likacheka.

Hakuna aliyekasirika. Watu wa mikoa hii miwili wameoleana, wanafanya biashara pamoja, na Wagogo wapo pande zote mbili za mpaka, Dodoma na Manyoni. Neno "shemeji" huwa si la utani tu. Mara nyingi ni kweli.

Viti vya katikati walikaa mume na mke na binti yao wa miaka minne. Mume ni Mgogo wa Bahi, fundi umeme jijini. Mke ni Mnyaturu wa Ikungi, ana mimba ya miezi saba, na kliniki walimruhusu kusafiri. Walikuwa wanakwenda kumsalimia bibi wa mtoto, lakini pia kumaliza mjadala wa nyumbani: mtoto wa pili azaliwe wapi? Dodoma kwenye hospitali kubwa, au kwa mama mkwe kijijini, ambako kuna mtu wa kumshika mkono mzazi?

Kwao, ubishi wa kwenye basi haukuwa wa kupoteza muda.

Nani mkubwa?

Kwa hadhi, Dodoma imeshinda. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na Aprili 26, 2018 Rais John Magufuli aliutangaza mji huo kuwa jiji. Singida ni manispaa.

Kwa watu pia. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dodoma na watu 3,085,625, na Singida 2,008,058.

Lakini Wasingida wana jibu la haraka: ardhi. Mkoa wao una takriban kilomita za mraba 49,000, Dodoma takriban 41,000. Ukigawanya, Singida inapata watu kama 41 kwa kilomita moja ya mraba, Dodoma kama 75. "Sisi tunapumua," husema mtu wa Singida akipiga hesabu hiyo.

Ukija mijini mambo yanabadilika. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu zaidi ya 765,000 katika sensa hiyo, na Manispaa ya Singida zaidi ya 230,000. Ila mipaka ya jiji ni mipana mno, inazidi kilomita za mraba 2,500, na ndani yake kuna vijiji, mashamba na malisho. Manispaa ya Singida ina kama 750 tu. Ukigawanya, kila upande unapata watu karibu 300 kwa kilomita. Mji mdogo na jiji kubwa wanalingana kwa kubanana, angalau kwenye karatasi.

Kwa mzazi, somo lipo hapo. Idadi ya watu wa jiji haikuambii kama nyumba yako iko hatua chache kutoka kituo cha afya au iko pembeni kabisa, ambako usiku bodaboda hazifiki.

Katikati ni wapi?

Baada ya Bahi na mashamba yake ya mpunga, basi linavuka mpaka wa mikoa, linapita Kintinku na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Hapa watu wa Singida huamka.

Dodoma hujiita katikati ya nchi. Lakini alama ya katikati ya Tanzania iko Sukamahela, wilayani Manyoni, Mkoa wa Singida. "Nyie mna makao makuu, kitovu tunacho sisi," alisema mama mmoja aliyebeba kikapu cha zabibu za Dodoma, zawadi kwa wajukuu.

Kuna na la Makutupora. Dodoma ina Makutupora yake, kaskazini mwa jiji, inayojulikana kwa maji na mizabibu. Singida nayo ina Makutupora, iliyopo Manyoni, ambayo ndiyo mwisho wa kipande cha reli ya kisasa kinachoanzia Morogoro. Treni za abiria za reli hiyo kutoka Dar es Salaam zilifika Dodoma mwaka 2024. Wa Dodoma hujisifu kwamba treni inaishia kwao. Wa Singida hujibu kwamba reli yenyewe haikuishia hapo, ilikwenda kwa jirani.

Na kama bado hamjaelewana, upo mpira: Dodoma Jiji na uwanja wake wa Jamhuri, Singida Black Stars, ambayo imechezea uwanja wa Liti, ambao wengi wanaujua kwa jina la zamani la Namfua. Siku timu hizo zikikutana, mashemeji hawapigiani simu mpaka jioni.

Hospitali kubwa, au hospitali iliyo karibu?

Manyoni, ambako ni karibu nusu ya safari ya takriban kilomita 240, abiria walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Mume alirudi kwenye hoja yake: Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Hoja yake ni nzito. Hospitali hiyo ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na tangu 2023 inawapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Kwa mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo, kuwa na huduma kama hiyo kanda ya kati si jambo dogo.

Mke hakubisha. Alisema tu kwamba yeye haendi kupandikizwa figo, anakwenda kujifungua. Kisha akauliza swali ambalo lilimnyamazisha mwenzake kidogo: "Baba watoto, wewe unatoka nyumbani alfajiri unarudi usiku. Uchungu ukianza saa nne asubuhi, huyu mtoto nitamwachia nani?"

Upande wake nao ulikuwa na shimo. Binti wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mwanamke mwenye kovu la upasuaji kwenye mfuko wa uzazi anatakiwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu na wataalamu wa kuitwa muda wowote, kwa sababu kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Zahanati ya kijijini, hata ikiwa na muuguzi mwema kiasi gani, haiwezi kubeba hilo. Kwa hiyo kwa mama mkwe, kama alivyotaka mwanzo, haikuwezekana.

Singida si jangwa la tiba. Ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini, na zipo hospitali za misheni zinazotegemewa na familia nyingi, kama Makiungu wilayani Ikungi na Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Tatizo ni ule upana wa ardhi ambao watu wake wanajivunia. Palepale unapopumua ndipo gari la wagonjwa linapochelewa. Watu 41 kwa kilomita maana yake pia ni kwamba kituo kimoja cha afya kinahudumia vijiji vilivyotawanyika mbali.

Ndiyo maana kila familia yenye mjamzito, awe jijini au kijijini, inafaa iwe na namba 115 kwenye simu. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaopanga usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Maji ya kunywa na meno ya mtoto

Kupita Issuna na Ikungi, mawe makubwa yanaanza kutokeza mashambani, na kando ya barabara yanapangwa madumu ya mafuta ya alizeti. Kuku wa kienyeji wa huku wanajulikana hadi Dar es Salaam. Hapa hakuna wa Dodoma anayebisha. Wanashusha kioo na kuuliza bei.

Maji ndiyo mada ambayo kila upande unaiongelea kwa sauti ya chini. Dodoma inategemea zaidi visima vya Mzakwe, na jiji limekua kuliko maji yake, hivyo mgawo ni jambo la kawaida kwa mitaa mingi. Singida, kwa upande wake, ni miongoni mwa mikoa yenye madini ya floridi kwa wingi kwenye baadhi ya visima. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto yanayoota huweza kubaki na madoa ya kahawia maisha yote, na kiwango kikubwa zaidi kwa miaka mingi huathiri hata mifupa.

Hatari kwa meno ni kubwa zaidi kabla mtoto hajafikisha miaka minane. Na kuchemsha, ambako kunaua vijidudu, hakuondoi floridi. Kinachosaidia ni kuuliza mamlaka ya maji kama kisima kimepimwa, kutumia maji ya mvua yaliyovunwa vizuri kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto, na kupunguza magadi kwenye maharage na makande.

Uhaba wa maji una ugonjwa mwingine usiojali mpaka wa mikoa: trakoma, au vikope. Kongwa, mkoani Dodoma, imekuwa sehemu ya utafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi, na Singida nayo imeupata. Kinga yake ya kila siku ni kunawisha watoto uso, hata kwa maji ya kikombe kimoja.

Ziwa lilipotokea

Jioni, ziwa likaonekana, likimetameta nyuma ya mawe. Binti aliamka na kuuliza kama ile ni bahari. "Umeona? Dodoma mna bahari?" mama alimtania mumewe. "Ya chumvi, hata chai haipikiki," alijibu, lakini alimnyanyua mtoto aone vizuri.

Kabla ya kufika stendi ya Misuna, mjadala ulikuwa umeisha. Wiki za mwisho mama atakaa mjini Singida kwa shangazi yake, dakika chache kutoka hospitali ya mkoa. Kadi ya kliniki atakuja nayo, na wiki hiihii ataipeleka wamuone mapema, wapange upasuaji kama utahitajika. Bibi atakuja kutoka Ikungi kumwangalia binti. Baba atapanda basi akipigiwa simu. Ya kujenga wataongea mwakani.

Kwa hiyo Singida imepata bao moja. Dodoma bado ni kubwa, na siku mtoto wa ukoo akihitaji daktari bingwa, watakwenda Dodoma bila aibu. Familia hii haikuchagua mji ulio bora. Iliuliza usiku wa dharura nani atakuwa karibu, na hospitali gani inafikika.

Waliposhuka, shangazi aliwapokea mizigo. "Karibu shemeji, umefika mjini," alisema.

"Mjini tumetoka asubuhi," alijibu Mgogo, na ubishi ukaanza upya.