Damu ya Wawili

Kwetu Garsen, kando ya Mto Tana, nimewasikia wazee wakimlaumu mama kila mtoto aliapo kwa maumivu ya mifupa: eti ndiye aliyeleta damu mbaya. Sayansi inakanusha. Selimundu hutokana na badiliko la asidi-amino moja tu katika protini ya himoglobini, na mtoto huugua anaporithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mnamo 1954, Anthony Allison alionyesha kwamba aliye na jeni moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu imeenea kwenye maeneo ya mbu kama yetu. Ngao ya mababu imekuwa mkuki kwa wajukuu. Basi, ndugu msomaji, wachumba na wapimwe damu kabla ya ndoa.